Mafunzo Yamfuate Mwalimu Shuleni

Katika shule nyingi za msingi za nchi yetu upo mtindo uliozoeleka kiasi kwamba haumshangazi mtu tena. Mwaka wa masomo unapoanza, walimu hugawiwa madarasa. Aliye hodari hupelekwa kwenye darasa la mtihani, kwa kuwa matokeo ya darasa hilo yatatangazwa na jina la shule litapanda au litashuka. Aliye mgeni wa kazi, au aliyechoka, au asiye na mtetezi, huachiwa darasa la kwanza. Uamuzi huo huchukua dakika chache ofisini, lakini watoto huubeba miaka mingi. Mtoto avukaye darasa la pili bila kujua kusoma hukuta kwamba kila kilicho mbele yake, kiwe hesabu, sayansi au historia, kimeandikwa. Naye hana ufunguo wa mlango hata mmoja.

Leo tunataka kulizungumzia jambo la kumwendeleza kazini mwalimu afundishaye kusoma. Tunatoa mfano wa mahali palipo mbali na bahari, yaani kata ya Majengo katika Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma, kwa sababu ambayo msomaji wetu wa visiwani ataiona punde. Maoni yetu tunayaweka wazi tangu mwanzo. Ufundi wa kufundisha kusoma haujengwi kwa semina ya juma moja mjini. Hujengwa ndani ya shule yenyewe, juma kwa juma, mwalimu akisaidiwa na mwenzake mbele ya watoto wale wale anaowafundisha. Na kwa kuwa fedha za wafadhili zilizokuwa zikiigharimia kazi hii zimekatika, hatuna budi sasa kuamua kama tutaiendesha wenyewe au tutaiacha ife.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Uchunguzi wa Uwezo uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika kila wanafunzi kumi wa darasa la tatu Tanzania Bara, ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 ulibainisha kwamba ni takriban asilimia 8 tu ya wanafunzi wa darasa la pili waliosoma Kiswahili kwa wepesi na ufahamu uliotarajiwa. Watoto hao hawakuwa watoro. Walikuwa wamekaa darasani kwa miaka miwili kamili.

Serikali haikukaa kimya. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliandikwa upya, na kuanzia mwaka 2015 madarasa hayo yakaelekezwa zaidi kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, stadi tunazoziita KKK. Walimu kwa maelfu wakaitwa mafunzoni. Lakini mara tu baada ya hapo, Januari 2016, ada na michango ya lazima ikaondolewa, na watoto waliokuwa wakizuiliwa na umaskini wakamiminika shuleni. Hilo lilikuwa jambo la haki na la heri, nasi tuliopo Zanzibar, ambako elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, tunaielewa furaha yake. Pamoja na hayo, mwalimu aliyefundishwa namna ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja alirudi shuleni akakuta darasa limefurika.

Sasa tueleze kwa nini tunautazama mji wa Songea, ulio zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Mwaka 2016 ulianza mradi ulioitwa Tusome Pamoja, uliogharimiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Ulifanya kazi katika mikoa minne ya Bara, ambayo ni Iringa, Morogoro, Mtwara na Ruvuma, pamoja na Zanzibar. Mwaka 2021 ulifuatiwa na mradi mwingine, Jifunze Uelewe, katika maeneo hayo hayo. Hivyo basi, kwa takriban miaka tisa, mwalimu wa darasa la kwanza wa Songea na mwenzake wa Chake Chake wamekuwa abiria wa chombo kimoja. Vitabu vya hadithi fupi, miongozo ya mwalimu, mafunzo ya kazini na mikutano ya walimu kujadiliana ufundishaji vilitoka katika mfuko mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikakoma kabisa kuendesha misaada. Chombo kimeegeshwa, na abiria wa Songea na wa Pemba wameshushwa siku moja. Wahenga walikwisha kusema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatuyasemi haya kwa kuwabeza waliotoa msaada, maana msaada ulipokelewa na ulifanya kazi. Tunayasema kwa sababu swali lililo mbele ya maofisa wetu wa elimu, wa Bara na wa Visiwani, limekuwa moja: ni lipi katika kazi ile linaloweza kuendelea kwa nguvu zetu wenyewe?

Kata ya Majengo yatusaidia kulijibu swali hilo. Jina lenyewe si geni kwa mtu wa pwani, kwa maana Mombasa ina Majengo yake na Moshi ina Majengo yake. Aghalabu ni mitaa ya mjini iliyokusanya watu wa asili mbalimbali, ambao Kiswahili ndicho kiungo chao. Mkoa wa Ruvuma nao ni mkoa wa lugha nyingi: Kingoni, Kindendeule, Kimatengo upande wa Mbinga, Kiyao upande wa Tunduru, na lugha za mwambao wa Ziwa Nyasa. Katika mji wa namna hiyo darasa la kwanza hupokea mtoto aliyekuzwa kwa Kiswahili na mtoto aliyehamia juzi kutoka kijijini, naye anafikiri kwa lugha ya bibi yake. Wote wawili wamekaa dawati moja, na mwalimu ni mmoja.

Songea si mji uliosahauliwa na elimu. Chuo cha Ualimu Matogoro kimo mjini humo humo. Peramiho, mwendo wa kilomita zipatazo 25 tu, ina kiwanda cha uchapaji cha Wabenediktini ambacho kimechapa vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi. Ikiwa mahali penye chuo cha ualimu na kiwanda cha vitabu bado mwalimu anahitaji msaada wa kufundisha kusoma, ni dhahiri kwamba upungufu hauko katika umbali wa maarifa. Upungufu uko katika njia ya kuyafikisha maarifa hayo hadi kwenye ubao wa darasa la kwanza.

Wapo wadhanio kwamba kufundisha kusoma Kiswahili ni kazi nyepesi. Hoja yao ni kwamba irabu zetu ni tano tu, na kila herufi hutamkwa vile vile popote iandikwapo. Hoja hiyo ina ukweli, na ni neema kubwa ambayo mtoto wa Kiingereza hana. Lakini neema haitoshi bila fundi. Mathalani, mwalimu akimfundisha mtoto kuiita herufi ya kwanza ya neno "mama" kwa jina lake la "em", kisha akamtaka aiunganishe na "a", mtoto mwenye akili timamu atajibu "ema". Hajakosea, amefuata alichofundishwa. Anayepaswa kujua tofauti ya jina la herufi na sauti ya herufi ni mwalimu.

Kuna pia kukariri kwa pamoja. Darasa zima huimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti inayosikika hadi barabarani, na mpita njia akasifu kwamba watoto wanasoma. Ukiifuta ile safu, ukaandika "bo" peke yake, kisha ukamwita mtoto wa kiti cha nyuma, ndipo utakapotambua kwamba wengine walikuwa wakiimba kwa masikio bila ya kutazama ubao. Mwalimu asiyejua kuufanya uchunguzi huo mdogo aweza kumaliza mwaka mzima akiamini kwamba darasa lake linasoma.

Baada ya silabi nyepesi huja zile nzito: mb, nd, nj, ng na ng', kw na mw, dh, th na gh. Tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe" inashikiliwa na alama ndogo ambayo jicho la mtoto huiruka. Kisha huja urefu wa maneno yetu. Neno "hawatatusomea" limebeba ndani yake mambo ambayo Mwingereza angeyaandika kwa maneno sita. Mtoto anayelichambua silabi moja moja kwa kusitasita, akifika mwisho amekwisha kusahau mwanzo, na maana imempotea. Ndiyo maana wepesi wa kusoma ni jambo la lazima. Na ndiyo maana pia wataalamu wanaopima idadi ya maneno kwa dakika wasiyalinganishe maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza, kwani mizigo yake si sawa.

Juu ya hayo yote kuna ufahamu. Mtoto aweza kuitamka hadithi nzima bila kosa, lakini akiulizwa kwa nini sungura alikimbia akabaki kimya. Mwalimu aliyeandaliwa huuliza kabla ya kusoma, huuliza katikati, na huuliza mwishoni. Hapo ndipo lugha ya nyumbani inapoingia. Mtoto wa Songea aliyezoea Kingoni huenda akalisoma neno sawasawa naye hajui maana yake. Mtoto wa Makunduchi mwenye Kikae chake, au wa Tumbatu, au wa Micheweni, huenda akalijua jambo lenyewe vyema sana lakini akalitaja kwa tamko la kwao. Mwalimu hana budi kupambanua kosa la kusoma na tofauti ya lahaja. Akimcheka mtoto kwa lahaja ya mama yake, hatamsikia tena akisoma kwa sauti.

Huu wote ni ufundi, na ufundi haupatikani kwa kusikiliza hotuba. Hakuna aliyepata kuwa fundi wa jahazi kwa semina ya siku tano. Mwanagenzi hushika patasi, hukosea, fundi mkuu humshika mkono, naye hurudia tena. Lakini mwalimu tumekuwa tukimwita mjini, tukamketisha ukumbini na wenzake, tukamsomea makabrasha, tukampa posho na cheti, kisha tukamrudisha kwenye darasa la watoto tisini ambalo mkufunzi wake hakupata kuliona. Akikwama Jumatatu, hana wa kumwuliza. Baada ya miezi mitatu amerudia alivyofundishwa yeye alipokuwa mtoto, na hatuna haki ya kumlaumu.

Jambo hili limepata kupimwa. Huko Afrika ya Kusini, katika jimbo la North West, watafiti waliwafuatilia walimu wa madarasa ya awali wanaofundisha kusoma Setswana, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Kundi moja la shule 50 lilipewa mafunzo ya ukumbini. Kundi jingine la shule 50 lilitembelewa na mshauri ambaye aliketi darasani, akatazama somo, kisha akazungumza na mwalimu. Miongozo ya masomo na vitabu vilikuwa ni vile vile. Baada ya miaka miwili, iliyokwisha mwaka 2016, maendeleo yaliyopatikana kwa watoto wa walimu waliotembelewa yalikuwa kama mara mbili ya yale ya kundi la ukumbini. Nchini Kenya nako, mpango wa Tusome ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015 uliwatumia maofisa wa Serikali waliokwisha kuwapo mikoani kama washauri. Walitakiwa waingie darasani, wasikilize watoto wakisoma, na kurudishiwa nauli yao kwa kadiri ya shule walizozitembelea kweli.

Atatokea mtu aseme kwamba mambo hayo ni ya kigeni na ya gharama. Ni kweli kwamba kumfuata mwalimu shuleni kunagharimu kuliko kuwakusanya walimu mia ukumbini. Lakini kusema ni jambo la kigeni ni kuisahau historia yetu wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alizitaja wilaya sita ambazo zilitakiwa ziufute ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwaka 1971 kwisha. Mbili katika hizo zilikuwa visiwa, yaani Mafia na Ukerewe. Nyingine zilikuwa Kilimanjaro, Pare, Masasi na Dar es Salaam. Wakulima na wavuvi walifundishwa kisomo karibu na makazi yao, jioni, baada ya kazi. Hakuna aliyemtaka mvuvi wa Jibondo aache nyavu zake aende kukaa chuoni. Mafunzo yalimfuata alipo.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakuwapo wa kutosha, na vyuo havikuwa na nafasi. Ikaamuliwa kwamba vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu hapo hapo shuleni vijijini. Walifundisha sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki wakajifunza kwa vitabu vilivyotumwa, kwa vipindi vya redio, na kwa kuongozwa na mratibu wa elimu wa kata. Kuanzia mwaka 1976 hadi miaka ya mwanzo ya 1980, zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Wengi waliwadhihaki, wakawaita "walimu wa UPE" kwa dharau. Ni haki kukiri kwamba elimu yao ya msingi ilikuwa fupi na vitabu vilikuwa haba. Lakini bila wao madarasa ya vijiji vingi, Ruvuma ikiwa mojawapo, yangebaki bila mtu mbele ya ubao. Na mratibu wa elimu wa kata aliyewaongoza hakuwa mkaguzi wa kutafuta makosa. Alikuwa mwalimu wa walimu.

Cheo hicho kingali kipo Tanzania Bara hata leo, na mwenye nacho huitwa Afisa Elimu Kata. Mwaka 2018 Serikali iligawa zaidi ya pikipiki elfu mbili kwa maofisa hao ili wazifikie shule. Aidha, mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa kiunzi cha kitaifa cha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yajulikanayo kwa kifupi MEWAKA. Kiini chake ni kwamba kila shule iwe na jumuiya ya kujifunza, ambamo walimu wenyewe hukutana kwa ratiba, huchagua tatizo la ufundishaji, hulijadili, huenda kujaribu darasani, na kurudi kuelezana kilichotokea. Tukilitazama vizuri, hili ni wazo lile lile la miaka ya 1970 likiwa limevaa kanzu mpya, nasi tunaliunga mkono kwa moyo wote.

Hebu tupige hesabu. Mwaka wa shule wa Tanzania Bara una siku 194 za masomo, yaani majuma yapatayo 39. Shule ikitenga saa moja tu kwa juma, kila mwalimu atakuwa amepata saa 39 za mafunzo kwa mwaka. Semina ya siku tano, yenye saa sita kwa siku, ni saa 30, na aghalabu haiji kila mwaka. Saa moja ya juma haihitaji posho ya kulala, wala basi, wala ukumbi wa kukodi. Inahitaji mwalimu mkuu anayeiheshimu na ofisa anayeuliza kama imefanyika.

Na saa hiyo itumike kwa kazi halisi. Tuchukue mfano wa darasa la watoto tisini. Kila mmoja akisoma peke yake kwa dakika moja, zinahitajika dakika tisini, na kipindi hakifiki hapo. Ndiyo sababu mwalimu hukimbilia kuimbisha. Lakini walimu watatu wakiketi pamoja, wataweza kupanga kwamba watoto wasome wawili wawili, huku mwalimu akiwasikiliza watoto sita kila siku na kuandika katika daftari silabi iliyomshinda kila mmoja. Baada ya siku kumi na tano za masomo, yaani majuma matatu, hakuna mtoto ambaye hakusikilizwa. Hilo ni jawabu la shule, limepatikana shuleni, na fedha iliyotumika ni bei ya daftari.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Vituo vya walimu tunavyo tangu zamani, kama vile Bububu, Dunga na Kiembesamaki kwa upande wa Unguja, na Michakaeni na Mitiulaya kwa upande wa Pemba. Ni hazina ya kulindwa. Lakini mwalimu wa Kojani, Fundo, Makoongwe au Kisiwa Panza hukifikia kituo kwa kuvuka maji kwanza, na hali ni hiyo hiyo kwa wenzetu wa Tumbatu, na wa Chole na Jibondo huko Mafia. Siku moja ya mafunzo yaweza kumgharimu siku mbili, na bahari ikichafuka haendi kabisa. Wakati huo darasa lake halina mwalimu. Kwa hiyo kama kuna watu wanaopaswa kuwa wa kwanza kudai mafunzo yafanyike shuleni, ni sisi wa visiwani. Afadhali mkufunzi mmoja avuke kuliko walimu wanane wavuke.

Tungependa basi kutoa mashauri manne kwa wenye dhamana.

La kwanza, darasa la kwanza na la pili yapewe walimu bora wa shule, na mwalimu aliyekwisha kujifunza kufundisha kusoma asihamishwe darasa kabla ya miaka mitatu. Ni hasara ya wazi kumfundisha mtu kazi moja kisha kumpangia nyingine. Ofisi za elimu za wilaya zidai orodha ya walimu wa KKK kila mwanzo wa mwaka, na mabadiliko yoyote yaelezwe sababu yake.

La pili, saa ya mafunzo iandikwe katika ratiba ya shule kama kinavyoandikwa kipindi cha hesabu, wala isisukumwe kwenye saa za jioni mwalimu anapokuwa hoi. Mwalimu mkuu apimwe kwa saa hiyo pia, wala asipimwe kwa matokeo ya darasa la mwisho peke yake.

La tatu, anayekwenda kuitembelea shule aingie darasani. Ofisa anayefika, akatia sahihi kitabu cha wageni, akakagua maandalio ya somo na kuondoka, hajamsaidia mwalimu wa kusoma. Awaite watoto watano, awape ukurasa wasioukariri, awasikilize, kisha akae na mwalimu nusu saa wazungumze kama watu wa kazi moja. Kwa ajili hiyo fungu la mafuta ya pikipiki na nauli ya boti liwekwe katika bajeti na lilindwe. Pikipiki iliyosimama uani haifundishi mtu.

La nne, vitabu viendelee kuchapwa. Mtoto hajifunzi kusoma kwa kutazama ubao peke yake. Hadithi fupi zilizoandikwa wakati wa miradi ile zisiachwe zichakae bila badala. Wizara mbili za elimu na taasisi zake zitafute namna ya kuzichapa upya kwa fedha za humu nchini, na viwanda vya uchapaji tunavyo.

Kwa walimu wenyewe tuna neno pia. Wapo waliozoea kwamba mafunzo yasiyo na posho si mafunzo. Tunaelewa kwamba maisha ni magumu na mshahara una mipaka yake, na tunaitaka Serikali isiitumie saa ya kujifunza kuwa kisingizio cha kutowapandisha vyeo wanaostahili. Hata hivyo, fundi anayejali kazi yake hujifunza kwa mwenzake bila kulipwa, kwa sababu kazi ikimshinda aibu ni yake. Mwalimu kijana asione haya kusema mbele ya wenzake kwamba watoto wake hawaipati sauti ya "ng'", na mwalimu mkongwe asione kwamba kumruhusu mwenzake aketi nyuma ya darasa lake ni kudhalilishwa.

Wazazi nao wana njia nyepesi ya kuusaidia mpango huu. Jioni mtoto arudipo, apewe chochote chenye maandishi, kiwe kipande cha gazeti hili au karatasi ya sabuni, aambiwe asome na aeleze alichosoma. Akishindwa baada ya miaka miwili ya shule, mzazi aende kuuliza kwa adabu, na aulize tena. Shule inayoulizwa hujitahidi zaidi kuliko shule isiyoulizwa.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Tanzania Bara Januari 2024, kwa kuanzia na darasa la kwanza na la tatu, umekusudia elimu ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba. Maana yake ni kwamba muda wa kufidia makosa ya miaka miwili ya mwanzo umepungua kwa mwaka mzima. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza katika kata ya Majengo, au katika shule ya Kojani, hana mwaka wa akiba. Mfadhili ameondoka, lakini mwalimu yupo, shule ipo, na saa moja ya kila juma ipo. Tunawaomba maofisa wetu waianze saa hiyo muhula huu, kabla ya kungoja mradi mwingine uje na jina jingine.